Spika Zilizolala Chali

Barabara ya Kibiti kwenda kusini ina namna yake ya kupima spika, na mimi niliichukia tangu siku ya kwanza. Muuzaji analaza spika chali juu ya meza, anachota mchele wa kujaa kiganja, anaumwaga juu ya ile karatasi nyeusi ya katikati, kisha anafungulia muziki wenye ngoma nzito. Mchele unaruka. Watu wanacheka. Ukiruka mpaka ukamwingia mnunuzi kwenye kola ya shati, biashara imekwisha na boksi linafungwa kamba. Hakuna anayeuliza kama maneno ya mwimbaji yanasikika. Sisi ni watu wa mpunga, tunauamini mchele katika kila jambo, hata katika lile ambalo mchele haujui lolote.

Nilifanya kazi katika duka moja la namna hiyo, si mbali na stendi ya Kibiti. Kabla ya hapo nilikuwa nimekata boriti kwenye mikoko ya delta, nimebeba barafu ya wavuvi pale Nyamisati, nimekaa Mbagala chini ya mwavuli nikifungua redio za watu. Shule niliiacha darasa la sita baada ya mwalimu kunikataza kuifungua saa ya ukutani, ilhali saa yenyewe ilikuwa imesimama. Tangu hapo sijatulia mahali. Kitu nisichokielewa kinaniweka, nikishakielewa, naondoka.

Mwenye duka alikuwa mzaliwa wa kijiji chetu, upande wa Mohoro, na ndiyo sababu alinichukua. Aliuza spika ndogo za bei nafuu, zile za kukaa juu ya rafu au kabati, mbili mbili katika boksi moja, ambazo mkulima akivuna vizuri anaondoka nazo. Kwenye boksi wameandika wati za kutosha kuendesha mashine ya kukoboa. Siku moja mkulima wa Mkongo alinyanyua boksi akaniuliza kama wati zile ni za kweli. Nikamwambia si za kweli, kilichomo ndani hakiwezi kutoa hata sehemu ndogo ya kile kilichoandikwa nje. Akaliweka boksi chini akaenda zake.

"Mimi nimekuajiri utengeneze au uhubiri?" mwenye duka akaniuliza mbele ya watu.

"Ameuliza, nimemjibu."

"Akikuuliza kama mama yake ni mzuri, utamjibu nini?"

"Nitamwambia amlete nimpime."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Jioni nilikuwa nje na begi langu, na alisimama mlangoni kuhakikisha sichukui hata skrubu. Hakujua kilichokuwa chini ya nguo zangu: maikrofoni ya kupimia, nyembamba kama kalamu, ambayo unaichomeka kwenye simu. Niliipata Mbagala kwa kubadilishana na redio niliyoifufua. Simu inatoa sauti moja inayoanzia kwenye mngurumo na kupanda polepole mpaka mluzi mwembamba kama wa mbu. Spika inaipiga sauti hiyo, maikrofoni inasikiliza, na simu inachora mstari wa kuonyesha wapi spika imepiga kelele kupita kiasi na wapi imekaa kimya. Mstari haujui aliyeinunua wala aliyeiuza. Ndiyo maana niliupenda.

Nikaenda kwa shangazi yangu kijijini, dada yake baba, mjane anayelima mpunga bondeni peke yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja kujificha?"

"Nimekuja kupumzika."

"Umechoka na nini, wewe usiyemaliza msimu mahali?" Hata hivyo alinisogezea sahani. Shangazi yangu hukupa chakula na tusi kwa mkono mmoja, na ukikataa kimoja umekosa vyote.

Wiki ile alikuwa na hasira iliyonizidi. Ubavuni mwa msikiti wetu kuna chumba cha wanawake, cha matofali na bati, chenye mlango wake. Ukuta umekitenga kabisa, hauna hata tundu. Shehe anapotoa darsa Alhamisi baada ya Alasiri, sauti yake inawafikia wanawake kwa spika mbili zilizo kwenye rafu ya misahafu. Ufunguo wa chumba anao mwenyekiti wa kamati. Wanawake humsubiri juani mpaka atokee, anafungua, naye anasimama palepale kuhesabu nani amechelewa.

Mwenyekiti alikuwa ametangaza baada ya sala ya Ijumaa kwamba wanawake wamegeuza nyumba ya Mungu kuwa mnada wa samaki. Wakati wa darsa chumba chao kinavuma maongezi mpaka shehe anakatika. Kelele zikiendelea, mavuno yakianza chumba kitakuwa ghala la mpunga wa msikiti, na darsa watalisikia majumbani kwa waume zao.

"Mume wangu yuko makaburini," shangazi alisema. "Nikamsikilize kule?"

"Sasa mnaongea nini huko ndani?"

"Tunaulizana amesema nini! Shehe akitamka neno, linakuja kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Namuuliza wa mbele yangu, wa mbele anamuuliza aliye karibu na rafu, na wa rafuni hajui. Likipita hilo, la pili limeshakuja. Hizo ndizo kelele. Mimi sikuzaliwa kusoma, mwanangu. Yale ninayoyajua katika dini yangu nimeyapata kwa kusikia, na sasa hata kusikia nanyang'anywa."

"Spika amezileta nani?"

Akanitajia mwenye duka wangu. Njaa ilinitoka.

Akanieleza sherehe ya kuzikabidhi. Yule bwana alikuja na gari, akazilaza spika barazani, akamwaga mchele. Mchele uliruka mpaka kwenye kofia ya mwenyekiti, na watu wakaleta takbiri. Kisha akaenda kwenye amplifaya, upande wa wanaume, akazungusha kitufe cha besi mpaka mwisho na kukibandika kwa gundi asije mtu akakigusa.

"Ni spika mbovu hizo," nikasema. Sikuwa nimeziona, lakini nilizitaka ziwe mbovu kama mtu mwenye homa anavyotaka maji. "Nipe moja niipime, nimuumbue yule."

"Mwanamume huingii mle, na ufunguo anao yule."

"Basi acha."

"Nimesema huingii wewe. Jumatano tunapewa ufunguo tufagie."

Jumatano asubuhi alitoka katika chumba cha wanawake na kikapu kichwani, kanga juu yake, akanipita kama hanijui. Nilimfuata kwa mbali mpaka bondeni. Alipokitua, spika moja ilikuwa imelala juu ya mihogo.

"Shangazi, hii ni mali ya wakfu."

"Wakfu wa nani? Si tumewekewa sisi? Nimeitoa matembezi. Pima haraka."

Ndani ya nyumba huwezi kupima spika. Sauti inatoka, inagonga ukuta, inagonga bati, inarudi kuchanganyika na ile ambayo bado inatoka, na mwisho mstari unaoupata ni wa nyumba, si wa spika. Wenye uwezo wana vyumba vya kunyonya sauti. Sisi tuna madungu. Dungu la shangazi limesimama juu ya nguzo ndefu katikati ya mpunga, mahali pa kukaa kufukuza ndege na kulala nguruwe wakizidi. Huko juu hakuna ukuta, na chini mpunga mnene unaimeza sauti. Nilifunga ufito mrefu ukachomoza nje ya sakafu, nikaikaza spika kwenye ncha yake, nikafunga ufito wa pili wa maikrofoni urefu wa mkono mmoja mbele yake. Amplifaya yangu ndogo ilikula umeme wa betri ya pikipiki. Upepo ulikuwa bado haujaamka.

Nikaanza. Mngurumo ukapanda ukawa mlio, mlio ukawa mluzi, na katikati ya mluzi debe likapigwa katika dungu la jirani kama vile bati la nyumba limeanguka. Mstari ukaharibika.

"We kijana!" Jirani alikuwa mama mnene mwenye kilemba cha taulo. "Hicho kilio ni cha nini?"

"Napima spika, mama!"

"Inafukuza ndege?"

"Haifukuzi!"

"Basi inyamazishe, inaniharibia debe langu!"

Nikaanza tena. Akapiga debe tena, safari hii kwa makusudi, nilimwona akinitazama.

"Jirani," shangazi akaita, "tupe kimya kidogo!"

"Nikiwapa kimya, ndege watanipa nini?"

Kweleakwelea walikuwa juu ya bonde kama moshi, na mpunga ulikuwa umeshaanza kukomaa. Yule mama alikuwa na haki yake na mimi nilimchukia nayo. Shangazi aliinuka. Alishuka ngazi, akafunga kanga moja kiunoni, akaingia katika jaruba la jirani na kanga ya pili mkononi, akaanza kuipunga. Hakutoa sauti. Alikwenda huku na huku ndani ya maji ya magoti akipunga kanga bila neno, na ndege wakainuka juu yake, wakazunguka, wakainuka tena. Jirani aliweka debe mapajani akabaki mdomo wazi. Nami nikapima.

Nilirudia mpaka nikaamini, na nilipoamini nilikasirika.

Spika ilikuwa nzima. Chini, kwenye ngoma, haikuwa na kitu cha maana, maana hakuna kisanduku cha ukubwa ule kinachoweza kutoa ngoma ya kweli. Ule uongo wa boksi ulikuwa palepale. Lakini katikati, pale sauti ya mtu inapokaa, mstari ulikuwa umetulia kama maji ya kisima. Juu, kwenye s na f na t, zile herufi zinazokata maneno yasiwe uji, ulipanda kidogo tu, na hilo si kosa. Nikaongeza sauti nione kama itakwaruza. Haikukwaruza mpaka ilipopita kiasi ambacho chumba kile hakiwezi kuhitaji. Kwa bei yake nisingeweza kuitukana hata kama ningelipwa.

Shangazi alipanda akiwa na matope mpaka kiunoni.

"Mbovu?"

"Nzima."

"Nzima namna gani? Yaani sisi ndio tuna masikio mabovu?"

Nisichokielewa hunifanya niwe mkali. Nikamwambia labda kweli wanaongea sana. Alinisogelea, na nilidhani atanisukuma kutoka juu ya dungu.

"Rudia hilo neno ukiwa chini," alisema, "ili usife."

Nikainamisha kichwa kwenye simu. Kisha nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo.

"Zimekaaje pale kwenye rafu?"

"Hazijakaa. Zimelala."

"Zimelala vipi?"

"Chali. Zinatazama bati. Juu kabisa, pembeni, kwenye kona. Alivyozilaza yeye barazani ndivyo alivyozilaza rafuni. Kwani zinatakiwa zilaleje?"

Nilicheka, na si kicheko kizuri. Niliifungua spika kamba zake, nikailaza chali kwenye ncha ya ufito, ikatazama mbingu, maikrofoni ikabaki palepale, mahali ambapo sikio la mtu aliyekaa lingekuwa. Jirani kule akawa ananyamaza bila kuombwa. Mngurumo ulifika wote. Lakini mstari ulipofika juu, kwenye herufi zile za kukata, uliporomoka kama kingo za mto wakati wa mafuriko. Sauti nzito huenda kila upande, hata nyuma ya spika. Sauti nyembamba huenda inakotazama. Weka besi mpaka mwisho, bandika gundi, zisukume spika kwenye kona ambako kuta mbili zinaiongeza besi hiyo, zilaze zilitazame bati. Wanawake walikuwa wanapelekewa mtungi, na maneno yalikuwa yanasomewa popo.

Tulirudi kijijini Adhuhuri imekwisha. Gari la Kibiti lilikuwa limesimama mbele ya msikiti. Mwenyekiti alikuwa amekwenda kufunga chumba akakuta spika moja, akapiga simu. Watu walijaa barazani, na mwenye duka wangu katikati yao, kanzu nyeupe, miwani ya jua mfukoni, kifuko cha mchele miguuni.

"Huyo hapo mwizi," akasema. "Nilimfukuza dukani, sasa amehamia msikitini."

"Aliyeitoa ni mimi," shangazi alisema. Alikuwa bado na matope. "Niite mimi hilo jina, nisikie unavyolitamka."

Mwenyekiti akaingilia. "Mama, usimfunike huyu. Tunamjua."

"Mnamjua wapi, hata mimi simjui? Nimeitoa ipimwe. Imepimwa."

"Imepimwa na nani? Huyu wa darasa la sita?"

"Na simu," nikasema. "Simu haikusoma pia."

Mwenye duka akanyoosha mkono. "Haya, sema mbele ya watu. Spika zangu zina nini?"

Walikuwa wote wananitazama, na nilijua kitakachofuata. Ningeweza kusema mbovu. Nani angenibishia? Lakini mstari ulikuwa kwenye simu yangu, na ningelala nao.

"Ni nzima," nikasema. "Ni nzuri kuliko bei yake."

Sijawahi kumfurahisha mtu kama nilivyomfurahisha yule bwana. Alinyanyua mikono yote miwili. "Mmesikia? Adui yangu mwenyewe anashuhudia!"

"Basi tatizo ni wanawake," mwenyekiti akasema haraka, kama aliyekuwa akilingoja. "Tumemaliza. Chumba kitakuwa ghala."

Shangazi alinigeukia. Sitaki kulielezea lile jicho. Nikaanza kusema kwa sauti, nikichanganya maneno, kwamba spika zimelazwa chali, kwamba ziko kwenye kona, kwamba besi imefungwa kwa gundi, kwamba mchele hauonyeshi kitu ila mngurumo. Watu waliguna. Kumwambia mfadhili kwamba mchele hauonyeshi kitu, mbele ya mchele wake, ilikuwa kama kumvua kofia.

"Nimeziweka kwa mkono wangu," alisema. "Sadaka yangu haigeuzwi na mlevi wa barabarani."

"Mimi silewi."

"Hata hilo umeshindwa?"

Walicheka. Shehe wetu, mzee mkavu mwenye kikohozi, alikuwa amekaa muda wote akichambua vidole vyake. Akakohoa, wakanyamaza.

"Mimi ndiye ninayesema bila kusikika," alisema. "Hamjaniuliza. Wanawake waingie chumbani. Spika irudishwe kama ilivyokuwa, ilale. Nitasema maneno kwenye maiki, na huyu kijana na mwenyekiti wasimame mlangoni kwao watazame."

Wakaingia, akina mama kwa wasichana, wakakaa mikekani. Shehe alikwenda upande wake. Spika zilivuma. Aliagiza kitu; mimi niliyesimama mlangoni nilisikia mvumo na hewa. Mama mmoja akanyanyua mkono wa kulia. Mwingine akanyanyua wa kushoto. Mmoja akasimama, akaona yuko peke yake, akakaa. Waliobaki wakageukiana: amesemaje? Na chumba kikajaa zile kelele.

"Unaona," mwenyekiti akaniambia. "Wameanza."

"Sasa zisimamisheni," nikawaambia wanawake kutoka mlangoni. "Zisimame wima, zitoke kwenye kona, zije mbele ya rafu, zitazame nyuso zenu."

Shangazi alizisimamisha mwenyewe. Hapo mwenye duka akavua viatu akaingia bila hodi, konzi imejaa mchele. Sijui alitaka kuonyesha nini. Nadhani hakujua njia nyingine. Aliubandika mchele kwenye uso wa spika iliyosimama, na mchele wote ukamwagika chini mpaka punje ya mwisho.

"Okota," shangazi alisema. "Huo ni mkeka wa kuswalia."

Aliokota. Alichuchumaa na kanzu yake akaokota punje kwa punje, na hakuna mwanamke aliyesogeza mguu kumpisha.

Mimi nilizunguka upande wa wanaume. Kitufe cha besi kilikataa vidole, nikakishika kwa koleo. Gundi ililia, ikaachia. Nikairudisha besi nyuma, zaidi ya katikati, nikakimbilia mlangoni kwa wanawake.

"Aliye na ushungi mweupe," ilisema sauti ya shehe, na nilisikia mpaka mate mdomoni mwake, "anyanyue mkono wa kushoto. Wengine wote waweke mikono magotini."

Mikono mitatu ya wenye ushungi mweupe ikanyanyuka, yote ya kushoto. Iliyobaki ikatua magotini. Hakuna aliyemgeukia mwenzake. Kimya kilichofuata ndicho kilichonishtua: chumba kizima cha wanawake, na hata mkufu haukugonga.

"Wameambizana kwa ishara," mwenyekiti alisema, lakini aliisema chini chini.

Kama mnadhani mtu aliniomba radhi, hamjui watu wa kwetu. Mwenye duka alinifuata hadi nyuma ya choo cha msikiti.

"Ile picha ya mstari," alisema. "Nirushie."

"Ya nini?"

"Ya spika zangu. Umesema ni nzima."

Nilimrushia ili aondoke. Nilipopita Kibiti baadaye nilikuta ameichapisha kubwa, ameibandika ukutani juu ya maboksi, kichwa chini miguu juu, na chini yake ameandika ZIMEPIMWA. Mbele yake, mezani, spika ililala chali na mchele unaruka. Vijana wa stendi waliponiona walipiga kelele, "Ficheni misahafu, huyo anakuja!" Hilo ndilo jina lililonibaki katika barabara ile: mwizi wa spika za msikiti. Yule aliyezilaza bado ni mfadhili.

Lakini Alhamisi, siku iliyofuata lile jaribio, nilikuwa bado kijijini. Shangazi alikuwa ameshaniambia asubuhi, "Umenifaa. Sasa tafuta pa kwenda kabla hujanichosha." Nilikaa nje, kwenye kivuli cha ukuta wao, begi kando yangu. Wanawake walikuwa wamesimama juani kama kawaida. Mwenyekiti alichelewa kuliko kawaida, akafungua bila salamu, akaurudisha ufunguo mfukoni pamoja na funguo zake nyingine, akazunguka kwenda upande wa wanaume.

Darsa likaanza. Nilisikia kila neno kupitia mlango wao, na kutoka kwao sikusikia chochote. Shehe alikwenda bila kukatika, na nadhani kimya kile kilimbabaisha, maana aliongea polepole kama mtu anayetembea katika nyumba iliyohamwa. Akatulia kunywa maji. Hapo spika zikaleta sauti ya pili, ya karibu na maiki, ya mtu anayemnong'oneza mwenzake.

"Shehe, mbona kimya hivi? Wamelala?" Ilikuwa ya mwenyekiti. "Au wamesusa? Afadhali. Mavuno yakija tutie mpunga tu. Ukiwazoesha hawa kuelewa, watatumaliza kwa maswali."

Nilisimama. Ndani ya chumba nikasikia mkeka ukikwaruza na mtu mzima akinyanyuka kwa goti bovu, na shangazi akatoka mlangoni, akanipita kama hanijui, akazunguka pembe ya msikiti mpaka kwenye mlango wa wanaume. Hakuvuka kizingiti.

"Hatujalala, mwenyekiti," alisema, na maiki ikaniletea sauti yake. "Tumekusikia wote. Na maswali yameanza. La kwanza ni lako: ufunguo wa chumba chetu unakaa mfukoni mwako kwa sababu gani?"

Shehe hakumsaidia. Nilimsikia akiweka kikombe chini. Maiki ilikuwa bado wazi, na mkono wa mwenyekiti lazima ulikuwa umeshaingia mfukoni. Nje pale, kupitia spika mbili za bei nafuu zilizosimama wima, nilisikia funguo zikigongana, moja moja, safi kabisa, ikitafutwa ile moja ya chumba chao.